Mshono wa Zambarau

Homa ilimrudia fundi cherehani siku ya nane, akiwa anapiga pasi sare za shule, na safari hii hakujidanganya kwamba ni uchovu. Aliiweka pasi pembeni, akaketi juu ya robota la vitambaa, akamwita mumewe. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, moja mwezi wa tano, nyingine mwezi wa sita, zote kwa homa ya namna hii hii: inakukamata siku tatu, inakuachia, unadhani umepona, wiki ikikaribia kwisha inabisha hodi tena. Mumewe alipomwona ameshika tumbo kwa mikono miwili, hakuuliza kitu. Alikwenda kutoa baiskeli.

Mume alikuwa mwashi, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alimkalisha mkewe nyuma, akaikokota baiskeli kwa miguu hadi zahanati, mwendo wa saa nzima, akikwepa kila shimo. Mama yake mwashi alifuata nyuma na chupa ya maji, na kila hatua mia moja alisema, "Pole mwanangu, tumekaribia," hata pale ambapo hawakuwa wamekaribia popote. Ukiwaona njiani ungesema huyu mwanamke ana bahati ya watu.

Mpima damu hakuchukua muda. Alitoka na karatasi, akamwambia muuguzi kwamba vijidudu vimo, na ni vingi. Homa ya papasi. Sasa, kwa asiyewajua, papasi ni kupe wa nyumbani. Hawamfuati ng'ombe wala hawapandi majani. Wanakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na vumbi la kuta, rangi yao na ya udongo moja, wanasubiri watu walale, wananyonya, wanarudi zao. Hawana haraka. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula na bado akakusubiri.

Muuguzi alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuwa na wasikilizaji. Aliuliza mbele ya benchi zima kama hawakuambizana mwaka jana kwamba sakafu ya udongo na mimba havikai nyumba moja. Fundi cherehani akajibu kwa sauti ya chini kwamba chumba chao kina saruji tangu miezi minane iliyopita, na wanalala kitandani.

"Kila anayekuja hapa ana saruji," muuguzi akasema. "Saruji ya mdomo."

Benchi likacheka. Kicheko cha zahanati ni kibaya, maana kila anayecheka anashukuru kwamba si yeye. Muuguzi akamgeukia mwashi, akamuuliza yeye kama mwenye nyumba: chumbani mna papasi, au hamna?

"Hamna," mwashi akasema. "Sakafu nimeisiliba kwa mikono yangu." Alisema huku akiitazama kofia yake, akiizungusha kwa vidole.

Mkewe alimshukuru moyoni kwa jibu lile. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba alimshukuru.

Alichomwa sindano. Muuguzi alimwonya kwamba dawa ikianza kuua vijidudu mwili huleta fujo, na kweli, kabla hata saa mbili hazijapita alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mama mkwe alimlalia miguuni kumzuia asianguke. Fujo ilipotulia, fundi cherehani alingoja, kiganja tumboni. Mtoto alicheza. Akacheza tena. Muuguzi, ambaye sasa ucheshi ulikuwa umemtoka, alimwambia taratibu kwamba dawa imefanya kazi yake, lakini wale wadudu wakimuuma upya, homa itaanza upya, na hadhani mtoto atavumilia nyingine. Watafute wanatoka wapi.

*

Mtu wa kutafuta alikuwepo. Watu walimwita Mama Chaki, kwa sababu tangu aje na daftari zake mwaka uliopita alikuwa ameandika namba kwa chaki kwenye kila mlango. Alikuwa mtaalamu wa kufuatilia maradhi, anahesabu nani anaugua, anaugua lini, analala wapi, na chini ya kitanda chake kuna nini. Alikuwa na ramani ya nyumba zote, na kila penye homa aliweka kidoti chekundu. Nyumba namba ishirini na saba, chumba cha mwashi na mkewe, ilikuwa fahari yake. Wageni wakija aliwaleta pale waione sakafu. Mwashi alisimama mlangoni akiulizwa maswali kuhusu mchanga na saruji, kifua mbele, na mama yake akigawa viti.

Sasa alikuja na kibano, tochi na vichupa. Alilala kifudifudi kwenye ile sakafu, akaikagua kutoka ukuta hadi ukuta, kila kona, kila mguu wa kitanda. Alitoka na magoti meupe na vichupa vitupu. Majirani walikuwa wameshaegemea uzio. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine walidhani wamehama kijiji kwa mifuko sita ya saruji, kumbe wapo tu. Fundi cherehani alisikia, akaendelea kukunja sare.

Mama Chaki alimhoji. Amelala kwingine? Hapana. Ameketi jikoni kwenye nyumba ya zamani? Mchana tu, na papasi mchana hatoki. Kuna mkeka au gunia lililohamishwa kutoka kule? Hakuna, waliacha kila kitu, hata kigoda. Mtaalamu alikuna kichwa kwa kalamu. Nyumba ya zamani, alimoishi mama mkwe bado, ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, imejaa papasi hadi kwenye mafiga, lakini papasi si mtembezi. Hatua ishirini kwake ni safari. Aliondoka akisema kesho waanike kila kitu juani, kuanzia godoro.

"Wewe pumzika, mwanangu," mama mkwe akasema. "Godoro nitaanika mimi."

Mama mkwe alimpenda huyu mkwe wake, na msomaji asije akadhani ninamfichia ubaya. Mimba ya kwanza ilipoharibika, ndiye aliyeosha shuka. Ya pili ilipoharibika, ndugu walianza kunong'ona kwamba mwashi atafute mke mwingine, na ni yeye aliyewafukuza na ufagio. Mchana walikaa barazani pamoja, mmoja kwenye cherehani, mwingine akijifunza kushona kwa mkono, macho yake mabovu karibu yaguse kitambaa. Mkwe alimtania kwamba kwa mwendo ule sketi moja itamaliza sikukuu mbili.

*

Kesho yake jua lilitoka, na godoro halikuanikwa. Mama mkwe alisema mgongo unamuuma. Baadaye akasema mawingu yanakuja, na mbingu ilikuwa kavu, kisha akaenda zake kisimani. Saa nne fundi cherehani, ambaye hakuumbwa kukaa akitazama kazi, aliinuka mwenyewe, akalivuta godoro hadi mlangoni, akaligeuza.

Lilikuwa godoro la pamba, alilolishona mwenyewe mwezi waliohamia. Fundi huujua mshono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Upande wa chini, pale kichwa kinapolala, palikuwa na mshono usio wake, urefu wa kiganja. Ulikuwa wa mkono, wa kurudi nyuma, wa hatua pana zenye mianya, na kila baada ya hatua chache umepigwa fundo mara mbili, kazi ya mtu asiyeyaamini macho yake. Alikuwa amemwambia mwenye mafundo hayo mara kumi kwamba fundo moja linatosha.

Uzi ulikuwa wa zambarau. Uzi ule ulikuwa wa majoho ya chuo cha ualimu, mali ya mteja, na aliufungia kwenye sanduku la bati. Funguo za sanduku zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake.

Alileta wembe, akafumua. Ndani ya pamba kulikuwa na kifuko cha kitambaa chepesi cha chandarua kilichotoboka, kimejazwa udongo wa kijivu wenye vipande vya nyasi, udongo wa ukuta wa nyumba ya zamani. Alikimwaga kwenye beseni. Kwa muda udongo ulikuwa udongo tu. Kisha ukaanza kusogea. Walikuwa bapa, wa rangi ile ile, wanatambaa bila haraka yoyote kutafuta kivuli. Mmoja hakuwa bapa. Alikuwa amevimba, mweusi, ameshiba, na fundi cherehani alijua ameshiba nini.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu tunaitamka methali hiyo kila siku tukizungumzia wengine. Yeye alikuwa anaitazama ndani ya beseni. Hakukasirika kwanza. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyekuwa akilishwa, akipepewa na kuitwa mwanangu, akaamini. Akalifunika beseni kwa sinia, akamwomba jirani wa uzioni, yule yule wa maneno ya saruji, amwitie Mama Chaki. Kisha akaketi kwenye kiti kando ya beseni, akangoja watu wake warudi.

*

Mama mkwe aliliona godoro kutoka mbali, tumbo wazi, pamba nje. Hakukimbia wala hakukana. Aliketi chini mbele ya mkwe wake, akanyoosha miguu, akauliza kama ameshakula dawa ya mchana.

"Umeniwekea kwa nini, mama?"

Mama mkwe akaeleza, na alieleza kama mtu anayefundisha. Yeye alipoolewa, mama yake mzazi alimfungia udongo wa nyumbani kwao kwenye kopo, akamwambia alale nao, damu isisahau. Alizaa watoto saba, wote wazima, na tangu ujana hajajua homa ile. Walipojenga chumba cha saruji alifurahi, lakini akaogopa. Mkwe wake alikuwa mgeni kwa papasi wa pale, na ndiyo maana mimba mbili zilitoka. Sasa analala kwenye saruji, mwili unazidi kuwa mgeni, na mtoto atazaliwa mgeni vile vile. Siku moja atakanyaga nyumba ya bibi yake, afe. Ni heri azoee mapema, tangu tumboni.

"Na sikujitungia," akasema, akimnyooshea kidole Mama Chaki, aliyekuwa amefika na kusimama mlangoni na kibano chake. "Mtaalamu mwenyewe alisema mkutanoni. Alisema wazee hawaugui kwa sababu wameumwa tangu utotoni. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilisikia kwa masikio yangu."

Mama Chaki alikuwa amesema hivyo, neno kwa neno. Alikuwa na ramani ukutani siku ile, na mtu aliuliza kwa nini vidoti vyekundu ni vya wake wageni na watoto wadogo, wazee hawana, naye akajibu vizuri, akapigiwa makofi, akakunja ramani. Aliwahesabu papasi wa kwenye beseni bila kuinua uso. Kumi na mmoja. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa mama mkwe, kwa sababu hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake, akasema kuna swali moja ambalo hakumuuliza vizuri.

"Hapa niliandika umezaa watoto saba."

"Saba. Wote wazima."

"Mimba zilikuwa ngapi, mama?"

Mama mkwe akafungua viganja mapajani. Alitazama vidole vyake. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na zama zake mimba iliyotoka haikuhesabiwa. Ilifukiwa nyuma ya nyumba kabla jua halijachwa, na kesho yake mtu akaenda shamba. Alianza na mkono wa kulia, akaenda wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Kumi na mbili," akasema.

"Wazee hawaugui sana," Mama Chaki akasema, na sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Hiyo ni kweli. Sikumalizia kusema ni wangapi walizikwa ili wachache wazoee. Nilipaswa kumalizia."

Bibi wa watu hakulia. Alibaki na vidole vyake hewani, viwili vikiwa vimekunjwa, na aliendelea kuvitazama muda mrefu.

Mwashi alirudi kutoka kazini wakiwa katika hali hiyo. Akaona beseni, akaona godoro, akavua kofia. Mkewe hakumpandishia sauti. Aliokota kipande cha uzi kutoka mapajani mwake, akakiinua.

"Sanduku lina funguo mbili."

"Mama aliniomba uzi," mwashi akasema.

"Ulijua ni wa nini?"

Akanyamaza. Kimya cha mtu mwenye maneno machache ni rahisi kukizoea, na kwa miaka minne mkewe alikuwa amekichukulia kuwa utulivu.

"Pale zahanati," akasema. "Muuguzi alipokuuliza. Ulijua?"

"Nilijua." Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia, akaendelea. "Mama alisema homa itakuja mara moja tu, ya kuzoea. Ilipokuja ya kwanza nikasema ndiyo hiyo, imepita. Ilipokuja ya pili nikaogopa kusema. Ningesema nini mbele ya watu? Nimeisiliba ile sakafu. Kila mtu amekuja kuiona."

"Nilikushukuru," mkewe akasema. "Ulivyojibu, nilikushukuru."

Kisha akainuka, akachukua mkasi wake mkubwa, sare alizokuwa hajamaliza, na ufunguo wake. Cherehani ilikuwa nzito kwa hali yake. Mwashi alisogea kuibeba. Mkewe akamwambia aiache, jirani atampelekea. Na jirani wa maneno ya saruji, ambaye hakukosa hata neno moja tangu mwanzo, aliipeleka kweli, na kwa siku nzima hakumsimulia mtu. Kwake hiyo ilikuwa rekodi.

*

Fundi cherehani alihamia kwa dada yake mkubwa, aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, chumba chenye sakafu ya saruji isiyo nzuri, iliyopasuka pasuka, na Mama Chaki aliikagua kila ufa kwa tochi kabla fundi cherehani hajaingiza kitanda. Siku ya nane ilipita. Ya tisa ikapita. Wiki ya tatu uchungu ulianza mapema, na mtoto akazaliwa, wa kike, mdogo kiasi kwamba mkunga alimpima mara mbili akidhani mizani imeharibika. Lakini alilia. Alilia kama mtu aliyedhulumiwa, dada mkubwa akasema huyu amekuja na malalamiko yake tayari.

Mwashi na mama yake walikuja mtoto alipofikisha wiki mbili. Walisimama mlangoni wamevaa nguo za kutokea, kama watu waliokuja kuposa. Walikaribishwa, wakaketi kwenye benchi la wateja wa mashine. Mama mkwe alifungua kifurushi, akatoa kijimto kidogo cha kitambaa cha maua, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mweupe kuzunguka pande zote. Mafundo mara mbili. Akakiweka juu ya kitanda, karibu na mtoto, lakini si karibu sana.

Fundi cherehani akakichukua. Alikigeuza, akakibonyeza, akakinusa. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza ya cherehani, akachukua wembe, na mbele ya wote wawili akaanza kufumua. Alifumua upande wa kwanza, akafumua wa pili. Hakukata ovyo. Alifumua kama fundi, fundo kwa fundo, huku mashine ya kusaga ikiunguruma upande wa pili wa ukuta. Akaitoa pamba yote mapajani, akaichambua.

Ilikuwa pamba tupu.

Mama mkwe aliinama, akaokota nyuzi za pamba zilizodondoka sakafuni, akazishika mkononi. Mwashi alisema, bila kuulizwa, kwamba uzi huo mweupe ulinunuliwa dukani. Akatoa mfukoni ufunguo wa sanduku la bati, akauweka juu ya meza. Mkewe akaupokea, akautunga kwenye kamba ya shingo yake, karibu na ule mwingine. Hakusema asante.

"Naweza kumpakata?" mama mkwe akauliza. Alikuwa amekwishaomba mara moja walipoingia, kimoyomoyo, kwa jinsi alivyokunja mikono.

Fundi cherehani alimtazama yule mama aliyeosha shuka zake. Alitaka kumchukia, na chuki yote haikuja, ilikuja nusu. "Kwanza nenda kakung'ute mtandio wako nje, mama," akasema. "Na gauni."

Dada mkubwa aliinamisha uso. Nje kulikuwa na foleni ya watu na madebe yao. Mama mkwe aliinuka, akatoka juani, akauvua mtandio, akaukung'uta mara moja, mara mbili, mara tatu, kichwa chake chenye mvi kikiwa wazi mbele ya watu wote. Akakung'uta pindo za gauni, upande huu na upande huu. Watu wa foleni walitazama, hakuna aliyecheka. Akarudi, akasimama, akaonyesha mikono yake mitupu, ndani na nje. Fundi cherehani akamwekea mtoto mikononi.

Mwashi naye akasimama. Alishaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja, cha pili, akielekea mlangoni kukung'uta la kwake.

"Wewe kaa tu," mkewe akamwambia. "La kwako halitoki kwa kukung'uta."

Akaketi, shati wazi, akatazama bibi akimbembeleza mtoto, hadi dada mkubwa alipomkumbusha kwamba mashine inakaribia kufungwa na njia yao ni ndefu.